Elimu ya Bure Mtandaoni: Nani Ataifikisha Nyarero?



Ndugu wasomaji, kila likizo sisi mafrateri tunaporudi parokiani tunaulizwa maswali yanayofanana. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anatafuta kitabu cha Fizikia ambacho shuleni kwake kinagombaniwa na wengi. Mwalimu anataka kujiendeleza, lakini ada ya chuo imemshinda. Katekista anauliza atapata wapi nyaraka za Kanisa. Dada aliyeacha shule akiwa Kidato cha Pili anauliza kama njia bado ipo. Wote wamekwisha kusikia kwamba mtandaoni kuna kila kitu, tena bure. Wanachotaka kujua ni kiko wapi hasa, na mtu wa kijijini anakipataje.

Tumeichukua kata ya Nyarero, Wilaya ya Tarime mkoani Mara, kuwa mfano wetu. Tutakayoyasema yanahusu vilevile vijiji vya Serengeti, na popote ambapo simu zipo lakini bando ni la kuhesabu.

Katika darasa la falsafa tunajifunza kwa Aristotle tofauti kati ya uwezekano na uhalisi. Mbegu ni mti katika uwezekano, haijawa mti. Vivyo hivyo, kitabu kilichohifadhiwa kwenye kompyuta ya mbali ni cha mwanafunzi wa Nyarero katika uwezekano tu. Tunajifunza pia kwamba kitu hakitoki katika uwezekano na kuingia katika uhalisi pasipo kusukumwa na kile ambacho tayari kiko katika uhalisi. Kwa lugha nyepesi, lazima awepo mtu ambaye tayari anajua na anacho, naye akifikishe. Hoja yetu ni hiyo: hazina ya elimu ya bure ipo na ni kubwa, kinachopungua mara nyingi ni mtu wa kuichota, kuichambua na kuigawa.

Bure ya namna tatu

Kabla ya kutaja mahali pa kutafuta, tutofautishe maana za neno "bure", kwa kuwa kuzichanganya kunaleta hasara na hata dhambi.

Kwanza, kuna kazi ambazo muda wa hakimiliki umekwisha. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, haki ya mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Baada ya hapo kazi ni mali ya wote. Maandishi ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, ni ya namna hii, ingawa tafsiri mpya ya kazi zake inaweza kuwa na mwenyewe.

Pili, kuna kazi ambazo wenyewe wameamua kuzitoa kwa leseni huria. Leseni zinazotumika zaidi ni za Creative Commons, shirika lililoanzishwa mwaka 2001. Leseni hizo hueleza wazi kama unaruhusiwa kunakili, kugawa, kutafsiri au kurekebisha. Novemba 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la kuhimiza zana huria za elimu za aina hii.

Tatu, kuna kazi zinazoruhusiwa kusomwa bila malipo lakini haziruhusiwi kunakiliwa wala kuchapishwa upya. Hapa unasoma unavyotaka, ila huzigawi.

Nje ya hizo tatu kuna "bure" ya nne, ambayo ni wizi: vitabu vya waandishi walio hai vinavyosambazwa bila ridhaa yao. Amri ya saba haikuweka kando mafaili ya PDF. Mwandishi wa Kitanzania aliyetumia miaka kuandaa kitabu cha kiada anategemea mauzo hayo kulisha watoto. Tena hatuna sababu ya kuiba, kwa maana kilicho halali ni kingi kuliko tunavyoweza kukisoma.

Gharama isiyoandikwa

Hadi Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, nchi yetu ilitegemea zaidi satelaiti, na intaneti ilikuwa ghali mno. Mikongo ya baharini, pamoja na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosambaza huduma hiyo mikoani, imepunguza gharama kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, kwa mzazi anayetegemea mahindi, ndizi au ng'ombe wachache, bando bado linashindana na chumvi na sabuni.

Tufanye hesabu ndogo. Saa moja ya video, hata kwa ubora wa kawaida, hula MB mia kadhaa. Kitabu cha kiada cha PDF kinaweza kuwa na MB 20. Darasa lenye wanafunzi 45, kila mmoja akipakua kitabu hicho kwa bando lake, litatumia MB 900. Mmoja akikipakua na kuwarushia wenzake kwa Bluetooth, darasa zima litakuwa limetumia MB 20. Mtandao ni uleule na kitabu ni kilekile. Tofauti imeletwa na utaratibu wa kushirikiana.

Kuna pia gharama ya lugha. Mtoto wa Kikurya huzungumza Kikurya nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza sekondari. Hazina kubwa ya mtandaoni iko kwa Kiingereza. Kumwelekeza kwenye tovuti bila kumsaidia lugha ni kumpa mtu kisima bila kamba.

Kwa wanafunzi wa shule

Mahali pa kwanza ni Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ambayo ndiyo yenye dhamana ya mitaala. Maktaba Mtandao yake ina vitabu vya kiada vinavyosomwa bila kulipa. Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa sababu mitaala mipya ilianza kutekelezwa Januari 2024 kwa awamu. Mwanafunzi anayesoma "notsi" za zamani alizozikuta mtandaoni anaweza kujikuta anakariri mada ambazo hazimo tena. Anza na muhtasari wa TET, kisha tafuta mengine.

Mahali pa pili ni tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA). Wengi huingia humo siku ya matokeo tu. Kumbe humo kuna fomati za mitihani, na pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Taarifa hizi huchukua mtihani uliopita, swali kwa swali, zikaeleza watahiniwa walijibu vipi na walioshindwa walikosea wapi, na kuonesha sampuli za majibu mazuri na mabaya. Kama tungeambiwa tuchague zana moja tu ya kumpelekea mwanafunzi wa Kidato cha Nne, tungechagua hii. Inamwonesha anayesahihisha anatafuta nini, jambo ambalo wenzake wa shule kubwa za mjini huambiwa na walimu wao kila wiki.

Mahali pa tatu ni Shule Direct, jukwaa la Kitanzania lililoanzishwa na Faraja Nyalandu, lenye masomo ya sekondari yaliyoandaliwa kwa kufuata mtaala wetu. Kwa watoto wadogo kuna Ubongo Kids, katuni za Kitanzania zinazofundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili, zilizoanza kurushwa mwaka 2014. Khan Academy, iliyoanzishwa na Salman Khan mwaka 2008, ina masomo ya hisabati na sayansi hatua kwa hatua. Mengi ni kwa Kiingereza, ingawa baadhi yapo kwa Kiswahili.

Na yule dada aliyeacha shule? Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule, wakiwamo wasichana waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Kwa asiyeweza kurudi darasani kuna Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT. Akiufaulu, anaweza kufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima huendesha masomo ya njia hii. Ada ya mtihani italipwa, lakini vitabu, fomati na uchambuzi tuliotaja ni vilevile, na havimbagui mtu aliye nje ya darasa. Huyu ndiye anayehitaji zaidi kufikishiwa habari, maana hana ubao wa matangazo wa shule wa kuusoma.

Kwa walimu, makatekista na watumishi

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, serikali iligawa vishikwambi kwa walimu wa shule za umma. Kishikwambi hicho kinaweza kuwa maktaba ndogo ya shule nzima, mwenye nacho akitaka.

Mwalimu wa shule ya msingi aanze na TESSA, mradi wa kuwaendeleza walimu wa Afrika ulioanza mwaka 2005 kwa ushirikiano wa vyuo kadhaa, kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Moduli zake zipo pia kwa Kiswahili, na zimejengwa juu ya darasa lenye watoto wengi na vifaa vichache. African Storybook, iliyoanzia Afrika Kusini, ina hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Hadithi hizo ni za leseni huria: mwalimu anaweza kuzipakua, kuzichapisha, na hata kuzitafsiri kwa Kikurya kwa ajili ya watoto wanaoanza.

Anayetaka kozi fupi aende OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, inayotoa kozi bure tangu mwaka 2006. Coursera ina kozi za kulipia, lakini kwa baadhi yake hupokea maombi ya msaada wa ada. Tunaweka angalizo: cheti cha kozi fupi ya mtandaoni hakichukui nafasi ya shahada wala stashahada inayotambuliwa. Kinaongeza ujuzi, na hilo si dogo, lakini mtu asikitegemee kupandishwa daraja bila kuuliza kwanza kwa mwajiri wake.

Kwa makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo, Vatican News ina ukurasa wa Kiswahili wenye habari na mafundisho ya Baba Mtakatifu. Tovuti ya Vatikani ina Katekisimu ya Kanisa Katoliki, hati za Mtaguso wa Pili wa Vatikano na Sheria za Kanisa, ingawa nyingi zitasomwa kwa Kiingereza. Hapa ndipo frateri aliye likizoni anaweza kufanya kazi ya maana: kuketi na makatekista na kuwaeleza kwa Kiswahili chepesi kile alichokisoma.

Kwa wanafunzi wa falsafa na teolojia

Sisi wenyewe ni walaji wakubwa wa zana hizi. Stanford Encyclopedia of Philosophy, iliyoanzishwa na Edward Zalta mwaka 1995, husomwa bure, na makala zake huandikwa na kukaguliwa na wataalamu. Anayetaka PDF iliyopangwa vizuri hulipa ada ndogo ya uanachama. Humo kuna makala juu ya falsafa ya wahenga wa Afrika, uwanja uliolimwa na Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Nyanza, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Sirari. Si jambo dogo kwa kijana wa Mara kugundua kwamba mazungumzo na wazee wa vijijini yamehesabiwa kuwa falsafa na yamepewa nafasi katika kamusi elezo ya dunia. Internet Encyclopedia of Philosophy nayo ni ya bure, na mara nyingi lugha yake ni nyepesi zaidi kwa anayeanza.

Kwa Mtakatifu Thoma, Corpus Thomisticum inatoa kazi zake zote kwa Kilatini, na New Advent ina Summa Theologiae kwa Kiingereza katika tafsiri ya mwaka 1920, pamoja na maandishi ya Mababa wa Kanisa. Anayejifunza Kigiriki na Kilatini atafaidika na Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice ina kitabu kizima cha utangulizi wa falsafa, kilichotoka mwaka 2022, kinachopakuliwa bure. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina zaidi ya vitabu 70,000.

Kwa makala za kitaaluma, JSTOR humruhusu aliyejisajili kusoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi bila kulipa. African Journals OnLine hukusanya majarida ya Afrika, na mengi yako wazi. Wakutubi wa seminari nao waangalie Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida kwa bure au kwa bei nafuu. Humo anayejisajili ni taasisi, si mtu binafsi.

Maktaba isiyohitaji intaneti

Kwa Nyarero, hata hivyo, tunaona msaada mkubwa zaidi uko kwenye programu mbili za bure zinazofanya kazi bila intaneti.

Ya kwanza ni Kiwix. Inakuwezesha kupakua Wikipedia nzima kama faili moja na kuisoma kwenye simu bila bando. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na yenye makala zaidi ya 80,000, inaenea kwenye memori kadi ya kawaida. Ya Kiingereza pamoja na picha zake ni kubwa mno, takribani GB 100, lakini yapo mafaili madogo ya somo mojamoja.

Ya pili ni Kolibri. Unaisakinisha kwenye kompyuta moja, hata ya zamani kidogo, kisha unapakia masomo mahali penye mtandao mzuri. Ukirudi kijijini, kompyuta hiyo inakuwa kituo: wanafunzi wanaunganisha simu au vishikwambi vyao nayo kwa Wi-Fi ya rauta ndogo, na wanasoma bila bando hata la shilingi moja. Masomo ya Khan Academy na hadithi za African Storybook ni miongoni mwa yanayopatikana humo. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato yenye betri nzima au sola ya parokia inatosha kwa saa chache za masomo.

Utaratibu tunaoupendekeza kwa parokia au tawi la TYCS ni huu:

1. Walimu wataje mahitaji matano tu ya muhula huu. Orodha ndefu haitekelezwi.
2. Mtu mmoja mwaminifu ateuliwe kuwa mchotaji. Akienda Tarime mjini kwa shughuli nyingine, au kwa bando la usiku ambalo kwa kawaida ni nafuu, apakue vilivyoorodheshwa.
3. Asome masharti ya kila kazi, ajue kipi kinagawiwa na kipi kinasomwa tu.
4. Mafaili yapewe majina yanayoeleweka, kwa mfano "Biolojia Kidato cha Pili", na yahifadhiwe sehemu mbili: kwenye flashi na kwenye kompyuta ya ofisi.
5. Ugawaji ufanyike kwa Bluetooth au memori kadi siku inayojulikana, kwa mfano Jumapili baada ya Misa ya pili.
6. Pawe na saa mbili kwa wiki za kusoma pamoja, akiwapo mtu wa kufafanua Kiingereza.

Hatua ya sita ndiyo husahaulika, nayo ndiyo roho ya zote. Flashi iliyojaa vitabu visivyosomwa ni uwezekano uliohamishwa kutoka kompyuta ya mbali hadi mfukoni.

Tahadhari

Tovuti inayokuomba namba ya siri ya simu au "ada ya usajili" ili kukupa kitabu cha TET ni ya kitapeli. Mitihani "iliyovuja" inayouzwa kwenye makundi ya WhatsApp ni utapeli au ni uhalifu, na imekatisha ndoto za wengi.

Kuhusu programu za akili mnemba zinazojibu maswali bure, hatusemi zisiguswe. Zinaweza kufafanua neno gumu la Kiingereza au kutunga mazoezi. Lakini hukosea kwa kujiamini, hata kubuni vitabu visivyokuwapo. Hati ya Vatikani Antiqua et nova ya Januari 2025 inakumbusha kwamba elimu ni kumfundisha mtu kufikiri, si kumpa majibu tu. Aliyeandikiwa insha na mashine ataingia chumba cha mtihani peke yake.

Hitimisho

Ipo barua fupi inayohesabiwa kuwa ya Mtakatifu Thoma kwa ndugu mmoja aitwaye Yohane, aliyemwomba ushauri wa namna ya kusoma. Anamshauri aingie baharini kwa kupitia vijito, asirukie bahari moja kwa moja. Intaneti ni bahari kuliko zote. Kitabu kimoja cha TET, uchambuzi mmoja wa NECTA, moduli moja ya TESSA: hivyo ni vijito vinavyomtosha mtu kuanza.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 10, Bwana anawakumbusha Mitume kwamba walichopokea bila malipo wakitoe bila malipo. Sisi tuliopata nafasi ya kukaa karibu na maktaba, umeme na mtandao hatukununua nafasi hiyo. Waumini wa parokia zetu, kwa sadaka na magunia yao ya mahindi, wamechangia kutufikisha hapa. Basi, ndugu frateri, kabla ya kufunga begi la likizo, hakikisha flashi yako ina kitu cha kumpa mtoto wa Kidato cha Nne, mwalimu wake, katekista, na yule dada anayesubiri kusikia kwamba njia bado ipo.